Baiskeli ya Baba na Mama Mkwe Wake

Enzi zetu, sisi tuliokulia Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, kiangazi hakikuanza kwa kalenda. Kilianza siku ile mzazi wa kwanza aliposhuka na ufunguo kwenda kufungua chumba cha baiskeli chini ya jengo. Chumba kile kilinuka grisi, mpira wa tairi na soksi zilizoloa tangu Novemba. Baiskeli zilitolewa moja moja kama ng'ombe waliofungiwa muda mrefu, zimejaa vumbi, tairi zimelala, na pampu ilikuwa moja kwa jengo zima na haikuwa na mwenyewe. Barabarani bado zilitapakaa kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu ili watu wasiteleze, kwa hiyo kila mtoto wa rika letu ana kovu gotini. Ukikutana leo na mtu wa miaka hamsini na kitu jijini Stockholm, ukataka kujua kama kweli alikulia kule, usimwulize maswali mengi. Mwambie apandishe suruali.

Alhamisi shuleni ilikuwa supu ya njegere na chapati nyembamba za Kiswidi zenye jamu. Jumamosi ilikuwa siku ya pipi, na pipi zililiwa Jumamosi tu, hata kama ulifaulu mtihani Jumanne. Nyumbani Mama alisonga ugali wa semolina kwa kuwa unga wa mahindi haukupatikana, nao ukawa laini kupita kiasi, ukiganda vidoleni. Sukuma wiki iliuzwa msimu wa Krismasi peke yake, maana Waswidi waliila Krismasi peke yake. Mama alinunua ya kujaza friza, na mwaka mzima tukala Krismasi iliyogandishwa. Wazazi walituita kwa Kiswahili, sisi tukawajibu kwa Kiswidi, nao wakatukasirikia kwa Kisamia, lugha ya kwao, ambacho ndicho kilichotutia hofu.

Vijana wa siku hizi wana baiskeli za betri. Mlima unapandwa na umeme, kijana amekaa tu juu yake kama abiria, halafu akifika kileleni anasema amechoka. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba Baba angecheka.

Baba alitoka Busia, upande wa Uganda. Kabla hajawa mwalimu alibeba abiria kwa baiskeli, akiwavusha mpaka hadi upande wa Kenya, na mmoja wa abiria hao alikuwa Mama. Alimvusha mara nyingi kuliko safari zilivyohitajika. Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa lugha yetu tunamwita Kukhu, alipopata habari alisema maneno ambayo familia haijayasahau: "Mwanangu si gunia la muhogo, hata afungwe kwenye keria." Hata hivyo ndoa ilifungwa. Lakini kabla mambo ya kimila hayajamalizika, serikali ya kwao Baba ilianza kuwakamata walimu, naye akakimbia na Mama, na kukimbia kwao kuliishia ghorofa ya tatu, Vårby gård, ambako Baba alikuwa dereva wa basi na mimi nikazaliwa.

Hapa sina budi kueleza, kwa ajili ya wasiojua. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na hawapandi gari moja. Mama mkwe hatakiwi kuona mguu wa mkwe wake juu ya kifundo. Si uadui, ni heshima, ingawa kwa mtu aliye mbali vinafanana sana. Heshima hiyo hulegezwa siku moja tu: mama mkwe anapofika rasmi nyumbani kwa mkwe wake, akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa zawadi yake. Kuanzia siku hiyo wanaweza kusalimiana kwa mkono kama watu. Kwa Baba na Kukhu siku hiyo ilikuwa haijafika. Baba hakuweza kurudi kwao, na Kukhu hangeweza kwenda kwenye boma ambalo mwenyewe hayupo.

Basi Jumapili moja simu ikalia. Alikuwa mama mdogo Nafula, mdogo wake Mama, muuguzi aliyeolewa Ufaransa, kando ya ziwa la Annecy, chini ya milima. Alikuwa amejifungua, na Kukhu alikuwa anakuja kumwona mtoto. Angekaa wiki chache za Julai kisha arudi. Mama hakuwa amemwona mama yake tangu kabla sijazaliwa. Alikaa chini kwenye zulia la ukumbini, waya wa simu umemzunguka shingoni, akalia bila sauti. Alipomaliza alimwambia Baba, "Safari hii mtasalimiana. Mama amezeeka. Sitaki azikwe hajawahi kukushika mkono."

Baba akasema, "Nitachukua baiskeli."

Ilikuwa ni hesabu ya busara ukiielewa. Shemeji yake Mama, mume wa Nafula, aliitwa Alain, Mfaransa mwembamba mwenye gari dogo na upendo mkubwa wa ramani. Alikuwa amepanga kututembeza kila siku, kulizunguka ziwa na kuingia mashambani. Gari lilikuwa moja. Kukhu angekuwa ndani yake. Kwa hiyo Baba hangekuwa ndani yake.

Mwezi mzima wa Juni tulifanya mazoezi, mimi na yeye, kando ya maji ya ziwa Mälaren, jioni zile zisizotaka kuingia giza. Baba aliendesha na suruali ndefu iliyobanwa chini kwa vibanio, hata joto lilipokuwa la kumtoa mtu ulimi. Waswidi walitupita na kaptula zao, mapaja meupe kama maziwa, wakimwonea huruma. Mama alimshauri avae kaptula walau mazoezini. Baba akasema mguu ukizoea upepo hautaki tena kufunikwa.

Baiskeli zilitangulia kwa treni ya mizigo, sisi tukafuata. Wale wa rika langu wanakumbuka treni ilivyokuwa ikiingia nzima nzima ndani ya tumbo la meli ili kuvuka bahari kwenda Denmark, nasi tukishuka kwenda kununua soda huku treni yetu imepaki chini kama gari. Siku hizi kuna daraja, unavuka ukiangalia simu.

Kwenye keria ya Baba kulikuwa na furushi lililofungwa kwa plastiki na mpira, na tulipozikuta baiskeli kule Annecy lilikuwa bado lipo. Nilimwuliza ni nini. "Mzigo," akasema. "Baiskeli isiyo na mzigo hurukaruka." Niliamini, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mambo ya keria.

Siku ya kufika, Alain alitupokea langoni kwa vifijo. Kukhu alikuwa amekaa barazani na mtoto mapajani, mwembamba kuliko picha yake. Mama alikimbia. Baba alisimama nje ya lango, akageuka, akaipa nyumba mgongo, akaanza kuitazama milima kama aliyetumwa kuinunua. Kukhu naye akajifunika leso upande mmoja wa uso. Alain hakuelewa kinachoendelea. Alimshika Baba mkono, akamvuta kwa furaha kuelekea barazani, na hapo Mama, Nafula na Kukhu wakapiga ukelele mmoja, mtoto akaamka.

Nafula alimweleza mumewe mambo ya mkwe kwa Kifaransa kirefu. Alain alitikisa kichwa, akasema ameelewa, akasema ni jambo zuri sana. Asubuhi iliyofuata alimbusu Kukhu mashavu yote mawili, kama alivyombusu kila siku tangu alipofika. Maana na yeye alikuwa mkwe, ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sheria ile ilimhusu. Kukhu alifumba macho mpaka ikapita, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

Baba alipiga hema shambani kwa mkulima jirani, karibu na miti ya cheri, mahali ambapo kutoka barazani ungeona kilele cha hema na si zaidi. Mimi nililala ndani na wanawake. Asubuhi nilimpelekea chai, na kabla jua halijapanda sana tulikuwa tumeshaondoka, ili gari litukute mbele.

Njia zile bado ninazo mwilini. Upande wa magharibi wa ziwa palikuwa na reli ya zamani iliyong'olewa, na pale zilipokuwa reli pakawa njia ya baiskeli, tambarare, nyoofu, maji ya kijani kibichi yakionekana kati ya miti. Ukiliacha ziwa unapanda, na kupanda huko hakuna mzaha. Vijiji vilikuwa na mabirika ya mawe yenye maji baridi yanayotiririka mchana kutwa bila mtu kuyafunga, jambo ambalo Baba hakulizoea. Ng'ombe walivaa kengele. Nyasi zilikuwa zimekatwa, na harufu yake ilikukamata kooni unapohema. Mabibi wenye aproni walitoka milangoni kutuangalia, mwanamume mweusi mwenye suruali ya kwenda kanisani na msichana mwenye mikia miwili ya nywele nyuma yake. Kwa kuwa ulikuwa ule mwezi wa mashindano yao makubwa ya baiskeli, watoto walitushangilia kwa sauti, wakapiga makofi. Baba aliinua mkono, akawapungia kama mtu anayeongoza.

Alisalimia kila mtu. Hakujua Kifaransa zaidi ya lile neno moja la kusalimia, lakini alilitumia kwa mkulima, kwa mtu wa posta, kwa mbwa. Mama mmoja wa kijijini alitupatia cheri kwenye kofia. Tulizila tukiendesha, tukashindana kutema kokwa, na ninakumbuka nilimshinda, ingawa leo nadhani aliniachia.

Mchana tulikutana na gari. Nafula alitandika vitambaa viwili kwenye nyasi, mti katikati. Huku Kukhu, wanawake na mtoto. Kule Baba, kaupa mti mgongo. Alain alizunguka na mkate na jibini kama mhudumu wa hoteli mbili zinazogombana. Mimi nilikaa ubavuni mwa mti, maana mimi ndiye niliyekuwa simu yao.

"Nabwire," Kukhu alikuwa akiniambia, "mwambie baba yako nyama ya huku haina chumvi."

"Baba, Kukhu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie Kukhu, chumvi yao wameitia yote kwenye jibini."

"Kukhu, Baba anasema..."

"Nimesikia," Kukhu alimwambia ng'ombe aliyekuwa karibu.

Kisha alicheka peke yake, kichwa kimeinama, na nyuma ya mti mabega ya Baba yalitikisika. Niliona yote mawili kwa sababu nilikaa katikati. Walipendana, hilo nililiona hata kwa umri ule, au walau walitamani kupendana. Ila hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuanza.

Mama alihangaika kuliko wote. Usiku mmoja jikoni alimwambia mama yake waziwazi, "Mama, huku ni Ulaya. Msalimie tu. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," Kukhu akasema. "Na yeye atajua. Nitamsalimiaje mtu ambaye sijafika kwake?"

"Kwake ni Sweden. Ghorofa ya tatu. Huwezi kufika."

"Basi na anisubiri huko."

Mama aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Siku za Kukhu zilikuwa zinayoyoma, na kila mtu mle ndani alijua kwamba kurudi kwake ni kurudi kabisa. Sisi wakimbizi hatukuweza kwenda Busia, na yeye hangepanda ndege mara ya pili. Nilimhurumia Mama sana usiku ule. Nilitaka hata kumwambia kwamba siku hizi Kukhu na Baba wanachekeshana, lakini nilijua si hicho alichokitaka.

Kisha ikaja siku ya joto. Tulikuwa tumezunguka ufuko wa pili wa ziwa, njia ina jua tupu, na tulipofika mahali pa kukutania gari halikuwa limefika. Baba alitazama barabara. Akatazama maji. Akavua viatu, akavua shati, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Stockholm akavua suruali ile, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli kando ya benchi. Akaingia ziwani akiwa na chupi tu, akipiga kelele kama mvulana, maana maji yale hutoka kwenye theluji ya milimani.

Gari lilitokea dakika hiyohiyo. Alain siku hiyo aliendesha kwa haraka kwa kuwa mtoto alikuwa akilia. Kabla hata sijapata la kusema, Kukhu alikuwa ameshuka, akaenda moja kwa moja kwenye lile benchi, akaketi. Suruali ya mkwe wake ilining'inia umbali wa mkono mmoja kutoka bega lake.

Baba alikuwa amejificha penye matete, kichwa tu kinaonekana, kimegeukia milima ya upande wa Uswisi.

Hebu fikiria hali yenyewe. Kumwambia Kukhu aondoke ni kumwambia kwamba mkwe wake yuko uchi, na neno hilo hakuna mtoto wa Kukhu ambaye angeweza kulitamka. Kumwambia Baba atoke ndiyo kabisa. Kwa hiyo Mama na Nafula walitandika kitambaa, wakakata mkate, wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Alain alisimama ufukoni akimpungia Baba na kumwita aje kula. Baba hakugeuka. Mtoto akalala. Tukala. Tukamaliza. Mama alikuwa akitafuna kitu kimoja kwa muda mrefu mno.

"Nabwire," Kukhu akasema, akiitazama milima, "mwambie baba yako chakula kinapoa."

Chakula kilikuwa mkate na jibini. Nilikwenda ukingoni. Midomo ya Baba ilikuwa rangi ya majivu na meno yaligongana. Hakuweza kusema. Nikarudi nikasema, "Anasema ahsante, hana njaa."

Hapo Kukhu aligeuza kichwa taratibu, akaiona suruali. Akaitazama kama unavyotazama jirani uliyemkuta kwenye foleni. Kisha akajiinua, akakung'uta sketi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Nafula, mwambie mumeo anipeleke nikaone wale ng'ombe tuliowapita. Nataka kuwaona kwa karibu. Twendeni sote."

Ng'ombe aliwaona kila siku, kutoka barazani.

Baba alitoka majini akiwa amekakamaa, nikamsaidia vifungo. Kurudi tulirudi, lakini njiani hakusalimia mtu yeyote, na kufikia jioni alikuwa na homa. Nafula alimpelekea vidonge hemani, akamsihi alale ndani ya nyumba, kuna kitanda, kuna joto. Baba alimjibu huku anatetemeka, "Chini ya paa moja na mama mkwe? Afadhali nife na adabu zangu." Nafula alirudi akilaani wanaume wote wa Busia, pande zote mbili za mpaka.

Siku iliyofuata Baba hakuinuka. Siku iliyofuata tena ilikuwa ndiyo ya mwisho kabla Kukhu hajaondoka. Mama hakula chochote. Alikuwa akienda hemani na kurudi, hemani na kurudi, na kila akirudi alipita mbele ya mama yake bila kumtazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mama akikosa adabu, na aliikosa kwa kunyamaza.

Alasiri, Kukhu alitoka chumbani. Alikuwa amevaa viatu vya Jumapili na kitambaa kipya kichwani, mkoba mkononi. Akanisimamisha.

"Nabwire, nionyeshe nyumba ya baba yako."

"Baba hana nyumba huku, Kukhu. Ana hema."

"Sikukuuliza imejengwa kwa kitu gani."

Nikatangulia. Mama alisimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi, hakusogea. Tulipita bustanini, tukavuka kijito, tukakanyaga nyasi zilizokatwa, Kukhu ananifuata polepole na viatu vyake vinazama. Hatua kadhaa kabla ya hema akasimama, akajisafisha koo.

"Hodi!"

Hakuna aliyetoka.

"Hodi hapa kwa Ouma!" akasema tena, na lilikuwa jina la Baba, nami sikuwahi kumsikia akilitamka.

"Ngoja!" Baba akajibu, sauti imekauka. Hema likaanza kutikisika lote kama lina mbuzi ndani. Kukhu akageuka, akalipa mgongo, akasubiri bila haraka. Baada ya muda zipu ikafunguka, Baba akapiga magoti mlangoni, suruali ndefu, shati lenye vifungo vilivyopishana, na jasho la homa usoni.

"Karibu," akasema. "Karibu kwangu, Mama."

Kukhu akainama, kisha akaona kuinama hakutoshi, akapiga magoti, akaingia. Hema lilikuwa dogo. Kiwiliwili chake kilienea, miguu ikabaki nje, na soli za viatu vya Jumapili zilitazama mlimani. Nilichungulia ubavuni. Aliangalia kila kitu, sufuria, kikombe, begi, pampu ya baiskeli, kama mama mkwe anavyokagua nyumba ya mkwe kuona kama binti yake anatunzwa.

"Nimefika kwako," akasema.

Baba aliinua mikono, akaishusha. Ndipo akageuka nyuma, akalivuta lile furushi la keria, akaifungua plastiki yake. Lilikuwa blanketi jipya la sufu, la kijivu, la Kiswidi, zito kama mtu. Alilibeba kutoka Stockholm, na mlima kwa mlima, kila siku, kwa sababu mama mkwe anayefika kwako hupewa blanketi, na hakutaka siku hiyo, kama ingetokea, imkute mikono mitupu. Hakuniambia wala hakumwambia Mama. Nilianza kulia bila kujua kwa nini, na sasa ninajua.

Akamfunika mabegani. Kukhu akalishika blanketi kati ya vidole, akalisugua, akaridhika. Kisha akautoa mkono.

Walishikana mikono kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema neno la maana. "Una moto," Kukhu alisema. Baba akasema, "Utapoa." Nikachemsha chai kwenye jiko la spiriti, tukainywa kwa zamu, maana kikombe kilikuwa kimoja.

Walipotoka, Baba alisimama ameshika baiskeli ili asianguke. Kukhu aliitazama ile baiskeli kwa muda. Nilidhani atasema lile neno la gunia. Badala yake akauweka mkoba wake kwenye keria. Akasema, "Huo tu. Mimi nitatembea." Wakaja hivyo hadi barazani, baiskeli katikati yao, blanketi mabegani mwake mwezi wa Julai, na Mama aliyewaona kwa mbali akakaa chini pale pale mlangoni.

Usiku ule Kukhu alisema jambo moja jikoni, huku akimshika Mama kidevu. "Yule anayenibusu kila asubuhi ni kijana mwema, lakini bado sijamjua. Huyu anayenikimbia ndiye ninayemjua."

Asubuhi aliondoka. Baba alimsindikiza hadi kwenye gari, akamshika mkono tena, na hawakuonana tena. Kukhu alifariki miaka michache baadaye. Baba bado hakuweza kurudi. Jamaa walipiga simu kusema mazishi yalikwenda vizuri, na kwamba alikuwa ameagiza azikwe na blanketi lake la kijivu. Baba aliweka simu chini, akashuka hadi chumba cha baiskeli, na akakaa huko mpaka tukamfuata. Baiskeli yenyewe ilidumu kuliko yeye. Mama bado anaishi ghorofa ile ile ya tatu.

Mimi sasa nina binti mtu mzima, na binti yangu ana mwenzi wake, Emil, kijana wa Vällingby, kitongoji kingine cha Stockholm. Siku ya kwanza kuonana alinikumbatia kabla sijavua koti. Ananiita kwa jina langu. Hufungua friji yangu bila kuuliza, na kaptula yake huishia nusu ya paja hata mwezi wa tatu. Mama akimwona hujifunika uso kwa gazeti, anacheka mpaka anakohoa.

Juzi nilikuwa na homa. Emil alikuja, akatumia ufunguo wa binti yangu, akapita moja kwa moja hadi chumbani, akaketi kitandani, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una moto," akasema kwa Kiswidi. Akanipikia supu. Ilikuwa nzuri.

Nampenda kijana yule, wala simdai kitu. Ila siku Kukhu alipoingia kwa Baba ninaijua mpaka rangi ya nyasi. Emil sijui aliingia kwangu siku gani, kwa kuwa hakuwahi kusimama nje.